Wazazi wa watoto wenye usonji: Kaeni kikao cha kwanza kabla ya matembezi ya Aprili

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka minne. Mtoto hasemi, hageuki akiitwa jina lake, na anaweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha sufuria. Mama alikuwa ameshapita zahanati mbili na kwa mganga mmoja kabla ya kufika kwetu. Nilipomaliza kumwangalia mtoto na kuanza kueleza usonji ni nini, alinikatiza.

"Samahani daktari. Nikiwa na mimba yake nilikunywa sana Panadol. Ni mimi nilimharibu?"

Nikamuuliza nani kamwambia hivyo.

"Iko kwenye simu. Rais wa Marekani kasema mwenyewe. Na baba yake ameiona."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonishtua. Baba yake ameiona. Ina maana nyumbani kwao suala la ukuaji wa mtoto limeshageuka kesi, na mshtakiwa ni mama.

Tuanze na hiyo Panadol, kwa sababu najua wengi mmeiona video ile. Septemba 22, 2025 Rais Donald Trump, akiwa na Waziri wake wa Afya, Robert F. Kennedy Jr., aliwaambia wajawazito waepuke Tylenol. Hilo ni jina la biashara la parasetamo huko Marekani, dawa ile ile sisi tunayoiita Panadol. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaothibitisha kuwa parasetamo wakati wa ujauzito husababisha usonji.

Ushahidi mkubwa tulionao unatoka Sweden. Watafiti waliwafuatilia watoto karibu milioni 2.5, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA. Mwanzoni ilionekana kuna tofauti ndogo kati ya watoto ambao mama zao walitumia parasetamo na wale ambao hawakutumia. Kisha wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, mama akiwa ametumia dawa kwenye mimba moja na hakutumia kwenye nyingine. Tofauti ikaisha. Maana yake ni kwamba kilichoonekana mwanzo kilitokana na mambo mengine ya familia, si kidonge.

Kuhusu chanzo, utafiti wa mwaka 2019 uliokusanya watoto zaidi ya milioni 2 kutoka nchi tano ulionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji inaelezwa na vinasaba. Vinasaba havichagui upande wa baba au wa mama kwa kukomoa mtu.

Ninachokiogopa zaidi ni kile ambacho wajawazito wetu wanafanya baada ya kuona video kama ile. Mmoja aliacha Panadol akaanza kumeza diklofenaki aliyonunua duka la dawa. Kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Mwingine alivumilia homa siku tatu bila dawa na bila kupima malaria. Mjamzito mwenye homa aende kituo cha afya apimwe. Parasetamo kwa kipimo sahihi na kwa muda mfupi bado ndiyo dawa tunayompa. Na kwa kuwa siku ile ile ilitajwa pia dawa ya jamii ya foliki asidi, niseme mapema: FEFO mnazopewa kliniki ni za damu na za kukinga ulemavu wa uti wa mgongo. Si tiba ya usonji, msimnyweshe mtoto.

Yote haya nilimweleza yule mama kwa dakika ishirini. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hayamwingii.

Kilichomwingia kilisemwa nje, kwenye benchi, wakati anasubiri kadi. Mama mwingine aliyekuja na kijana wake wa miaka tisa alimsikia akilia, akamwambia: "Mwenzangu, mimi mimba ya huyu sikumeza hata kidonge kimoja, nilikuwa nikiona dawa natapika. Na ndiye huyu hapa." Walikaa pale karibu saa moja. Muuguzi aliwakuta wanacheka.

Ndipo nikaamua wiki hii niandike kuhusu lile benchi.

Aprili 2 inakaribia. Ni Siku ya Kimataifa ya Kuelimisha kuhusu Usonji, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Kwetu tumeshaizoea: fulana za bluu, matembezi, mgeni rasmi, picha. Sibezi matembezi, nimeshatembea mara kadhaa. Lakini ikifika Mei mzazi yuko peke yake tena na mtoto asiyelala usiku, na ukimuuliza jina la mzazi mwingine mmoja wa mtaani kwake mwenye mtoto kama wake, hana. Si kwamba hawapo. WHO inakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu watu wa mtaa wako. Ongeza watoto wenye utukutu uliopitiliza na umakini mdogo, wale ambao herufi zinawagomea darasani, na wenye ugonjwa wa Down. Nyumba ziko nyingi, na milango imefungwa.

Kumbebesha mama lawama si jambo la mitandao tu. Leo Kanner alieleza watoto 11 wa kwanza wenye usonji katika makala yake ya mwaka 1943, na kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu wakubwa walifundisha kuwa hali hiyo inaletwa na ubaridi wa mama. Waliwaita akina mama majokofu. Fundisho hilo lilivunjwa kwa utafiti, ndiyo, lakini pia na wazazi waliokutana. Mwaka 1962 wazazi jijini London walianzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society, na mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa akili aliyekuwa na binti mwenye usonji. Miaka mitatu baadaye walikuwa na shule. Hapa jirani, Nairobi, Autism Society of Kenya nayo ilianzishwa na wazazi.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilianzisha kikundi cha wazazi katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi. Nilikuwa na ukumbi, projekta na chai. Siku ya kwanza walikuja watu arobaini na kitu. Ya pili, ishirini. Ya nne tulibaki mimi, muuguzi na chupa mbili za chai.

Nililaumu mwitikio mdogo wa jamii, maneno tunayopenda sana sisi wa hospitali. Baadaye mama mmoja niliyekutana naye sokoni alinieleza bila kunionea haya. Kikao kilikuwa Jumatano saa tatu asubuhi, wakati yeye anauza vitumbua. Kufika kulihitaji daladala mbili na mtoto anayepiga kelele konda akiguna. Halafu akifika, nasema mimi saa nzima. "Pale ilikuwa shule, daktari. Sisi tulitaka kuongea na wenzetu."

Kikundi ninachokifahamu ambacho kimedumu kiko kata moja ya Temeke, nacho sikukianzisha mimi. Alikianzisha mama lishe mwenye mtoto wa miaka saba. Walianza wanawake sita. Wanakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nane mchana, kwenye uwanja wa shule ya chekechea ambayo siku hiyo haina watoto. Mimi huitwa mara moja kila miezi mitatu, napewa saa moja, nakaa kwenye kiti kidogo cha chekechea najibu maswali, kisha naondoka na wao wanaendelea.

Nikiulizwa nini kimewasaidia, nitaanza na geti. Walichagua uwanja ule kwa sababu una geti linalofungwa. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi huvutwa na maji. Kufa maji ni hatari ya kweli kwao, iwe bwawa, mtaro au ndoo kubwa. Mzazi anayejua mtoto hawezi kutoka nje anaweza kukaa chini akasikiliza mwenzake. Wakati wa kikao watu wawili huwaangalia watoto kwa zamu, na vipo vya kuchezea: mchanga, vifuniko vya chupa, kamba. Mtoto akipiga kelele, hakuna anayegeuka kumtazama mama yake. Mama mmoja aliniambia hilo tu linamtosha kulipa nauli.

Kutokana na suala la kutoroka wakapata kazi yao ya kwanza kama kikundi. Walipita pamoja na watoto wao kwa mjumbe wa shina, kwenye kijiwe cha bodaboda na kwa wauza genge: huyu anaitwa fulani, hajibu akiitwa, ukimwona peke yake mshike mkono taratibu, usimfokee, piga namba hii. Mwaka jana bodaboda walimrudisha mtoto kutoka karibu na barabara kuu. Hiyo ni huduma ambayo mimi na vipimo vyangu vyote siwezi kuitoa.

Idadi, naona sita hadi kumi na wawili inatosha. Wakizidi, wale wakimya hawasemi tena. Msidai cheti cha daktari ili mtu aingie, kwa sababu uchunguzi huchukua muda mrefu na wengine hawana nauli ya kufika anakopatikana mtaalamu. Mzazi akiona mtoto wake anakua tofauti na wenzake, anatosha kukaa. Na msibague aina ya tatizo. Mama wa mtoto mtukutu asiyetulia darasani na mama wa mtoto asiyesema wana watoto tofauti, lakini wote wameitwa shuleni na kuambiwa "mama, mtoto wako hatumuwezi".

Karibisheni bibi, maana nyumba nyingi bibi ndiye anayelea. Karibisheni pia dada wa kazi. Yeye ndiye anayekaa na mtoto kutwa, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua nini kinamtuliza.

Siku ya kwanza hapahitajiki katiba. Kila mmoja aseme jina la mtoto, umri, kitu anachokipenda mtoto, na jambo moja lililomshinda wiki hiyo. Mtashangaa yanayotoka: choo, kula wali mweupe tu, kukata nywele. Kwenye kikundi kile cha Temeke kukata nywele kulichukua kikao kizima. Baba mmoja alikuwa amegundua kwamba mwanawe haogopi kunyolewa, anaogopa mlio wa mashine. Alianza kumwachia aishike ikiwa imezimwa, siku nyingine ikiwa imewashwa mbali, na kinyozi akakubali kuja nyumbani na kutumia mkasi. Wazazi watatu wakaenda kujaribu hivyo hivyo.

Vikundi nilivyoviona vikifa, vingi viliuawa na pesa. Sisi tumezoea vikoba na upatu, kwa hiyo kikao cha tatu tu mtu anasema tuchangie kidogo kidogo. Baada ya miezi miwili yule asiye na mchango anaona aibu kuja, na mara nyingi ndiye aliyekuwa anahitaji kikundi kuliko wote. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza msiweke akiba wala kukopeshana. Mchango wa chai uwe wa hiari, utunzwe na watu wawili, na hesabu isomwe kila kikao. Mkitaka kukopeshana, fungueni kikoba pembeni na mkisajili kupitia halmashauri, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka hivyo. Baadaye, mkiwa mmeshakomaa, ulizeni kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi kilichoanza kwa ajili ya mkopo sijakiona kikivuka mwaka.

Picha nazo ni balaa. Mgeni anakuja na katoni tatu za sabuni, anapiga picha za watoto, jioni ziko mtandaoni na maneno ya kusikitisha. Mtoto yule atakuwa kijana, na picha itakuwa bado ipo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mna haki ya kukataa, na sabuni mkaikosa. Kundi la WhatsApp liwe la kupanga kikao tu. Video za watoto wakiwa wamechachamaa zisiwekwe humo hata kidogo, hata kama lengo ni kuomba ushauri.

Kisha wauza tiba. Wakisikia kuna wazazi kumi mahali pamoja watakuja: virutubisho, mafuta, seli za ajabu, hata maji yenye klorini ambayo ni sumu ya kuunguza matumbo. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Kinachosaidia ni mafunzo ya mawasiliano na stadi za maisha, kuanzia mapema, pamoja na kutibu yanayoambatana nao kama kifafa na kukosa usingizi. Kanuni iwe moja: ndani ya kikundi hakuna anayemuuzia mwenzake chochote cha kumpa mtoto. Yule anayekuja kusema chanjo ya surua ndiyo chanzo, mwambieni kwamba makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha habari hiyo ilifutwa na jarida lenyewe, Lancet, mwaka 2010.

Lakini msimwaibishe mzazi aliyekwenda kwa mganga au kwenye maombezi. Karibu wote wanaofika kwangu wamepita huko, na mimi kama ningekuwa nimeambiwa "hakuna tiba" na mtu aliyenipa dakika tano, ningekwenda pia. Muulizeni tu mtoto alinyweshwa nini, na kama ana kifafa, dawa zake zimeachwa? Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege kali lisilokoma. Hilo ndilo la kugombania. Sala endeleeni nazo.

Mkishakuwa na miezi kadhaa, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ulizeni kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa na ya kata, zilizowekwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Penye kamati iliyolala, nyie mnaweza kuiamsha. Kuhusu shule, mzazi mmoja akienda peke yake hujibiwa kwa mdomo kwamba hakuna mwalimu. Pelekeni barua yenye saini zote kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu kwenye halmashauri, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Jibu la barua yenye muhuri huwa tofauti.

WHO pia ina mafunzo kwa walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vikiendeshwa na mtu ambaye si bingwa, kama muuguzi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeandaliwa. Yamekuwa yakifanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia. Ulizeni hospitali ya wilaya yenu kama kuna aliyefunzwa. Kama hayupo, msisubiri; kukaa pamoja hakuhitaji kibali cha mtaalamu.

Kuna mambo kikundi hakiwezi kuyabeba. Mwenzenu asiyelala wiki kadhaa hata mtoto akiwa amelala, asiyekula, anayesema bora yeye na mtoto waondoke duniani, msimwambie "jipe moyo". Mtu mmoja asimwache peke yake, mwingine ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sonona kwa wazazi hawa ni ya kawaida kuliko kwa wazazi wengine, na inatibika. Na mkijua kuna mtoto anafungiwa ndani au kupigwa, nendeni ustawi wa jamii au pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mara nyingi anayemfungia ni mzazi aliyechoka na asiye na wa kumwachia mtoto akatafute riziki. Wengine wa namna hiyo wakikaribishwa mapema huwa wanachama wazuri.

Yule mama wa Panadol nilimpa jina la kikundi cha Temeke, maana anakaa mitaa miwili kutoka pale. Ameshakwenda mara mbili. Baba yake mtoto hajaingia ndani bado. Mara ya pili aliwaleta kwa pikipiki, akabaki nje ya geti akichezea simu. Yule baba wa habari za kinyozi akamwona, akachukua kikombe cha chai, akatoka akaenda kusimama naye.